Giza au oksijeni: nini kinaamsha jeni za uchachu kwenye mwani wa kijani?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, na nyumbani nina bwawa dogo la perege. Darasani nafundisha kwamba mwani wa kijani ukipata mwanga hutoa oksijeni. Likizo hii kijana wangu anayesoma chuo kaniambia kwamba mwani huohuo usiku unachachuka, unatoa hadi kileo na gesi ya haidrojeni. Nikamuuliza jeni za uchachu zinajuaje wakati wa kuamka. Akasema zinaamshwa na giza. Rafiki yake akapinga, akasema zinaamshwa na oksijeni kwisha. Yupi yuko sahihi? Na je, hicho ndicho kinachofanya samaki wangu wahemee juu ya maji alfajiri?"

Mwalimu, vijana wako wote wawili wamepata nusu ya jibu, ila nusu hizo haziwahusu jeni zilezile. Ziko jeni za uchachu ambazo haziamki sawasawa mpaka oksijeni iishe, hata jua liwe la utosi. Na ziko nyingine zinazokwenda na mzunguko wa mchana na usiku, oksijeni iwepo isiwepo. Kilichowagombanisha ni kudhani kwamba ukutani kuna swichi moja, ukiibonyeza taa zote za nyumba zinawaka.

Kwanza tuelewane ni mwani upi. Pwani ukitaja mwani, mtu anawaza kamba za akina mama wa Paje na Jambiani; ule kwa ukoo ni mwani mwekundu, na hauhusiki hapa. Karibu yote tunayoyajua juu ya jeni za uchachu yametokana na mwani mmoja wa seli moja, Chlamydomonas reinhardtii. Upana wake ni kama sehemu moja ya elfu ya sentimita. Una mikia miwili ya kuogelea na kloroplasti, yaani chumba cha usanisinuru, moja kubwa yenye umbo la kikombe. Aina nyingi zinazofugwa maabara zina asili ya sampuli iliyookotwa mwaka 1945 kwenye shamba la viazi karibu na Amherst, jimbo la Massachusetts, Marekani, na orodha ya jeni zake zote ilichapishwa mwaka 2007. Ukijani wa bwawa lako huenda ni mchanganyiko, pamoja na wale bakteria wa kijani-buluu waliojaa Ghuba ya Winam kule Kisumu, ambao si mwani wa kijani kabisa. Kwa hiyo nitakayoyasema usiyabandike kwa kila utando wa kijani unaouona.

Hilo shamba la viazi nimelitaja kwa makusudi. Watu humfikiria mwani huyu kama mkazi wa maji safi yenye jua, kumbe udongoni ndiko kwao pia. Mvua ikinyesha, matundu ya udongo yanajaa maji, na ndani ya maji oksijeni husambaa polepole mno, takriban mara 10,000 chini ya mwendo wake hewani. Bakteria walioko humo wanaimaliza haraka kuliko inavyoingia. Mwani ulio katikati ya matope hayo hupata oksijeni ya kutosha pale tu unapojitengenezea wenyewe, yaani mchana. Kwake, kuzama kwa jua na kwisha kwa oksijeni ni mambo yanayofuatana karibu kila siku, na ndiyo maana ni vigumu kusema ni lipi kati ya hayo mawili linaloamsha jeni. Inabidi mtu ayatenganishe kwa mkono.

Kabla ya jeni, tuangalie kazi yenyewe. Mchana seli hutengeneza sukari na kuweka akiba ya wanga ndani ya kloroplasti. Jua likitua, usanisinuru unakoma lakini kupumua kunaendelea. Oksijeni ikiisha, seli inabaki na wanga mwingi na mahali pachache pa kupeleka elektroni. Glukosi moja ikivunjwa inatoa vipande viwili viitwavyo piruvati, ATP mbili (ATP ni sarafu ya nishati ya seli), na NADH mbili. Hizo NADH ndizo penye tatizo. Ni kama mikokoteni iliyojaa mzigo wa elektroni: isiposhusha, hairudi kazini, na uvunjaji wa sukari unasimama. Oksijeni ikiwepo, mitokondria hupokea mzigo na seli huvuna ATP zipatazo 30 kwa glukosi moja. Isipokuwepo, seli inatafuta pengine pa kuushusha, na uchachu hauna siri nyingine zaidi ya hiyo.

Hamira ya kwenye tembo la mnazi hutatua jambo hili kwa njia moja: piruvati zote mbili zinageuzwa ethanoli, yaani kileo, mikokoteni yote miwili inashusha, na faida inabaki ATP mbili. Mwani una ujanja zaidi. Kimeng'enya kinachotokana na jeni PFL1 hukata kila piruvati vipande viwili: fomati, yaani chumvi ya ile asidi ya sisimizi wanaoitwa maji moto, na asetili-CoA. Asetili-CoA moja inafanywa asetati, ndugu yake siki, na hapo seli inapata ATP ya ziada. Ile ya pili inapita kwenye kimeng'enya cha jeni ADH1 hadi kuwa ethanoli, na safari hiyo inapokea mzigo wa NADH zote mbili. Hesabu inafunga: fomati mbili, asetati moja, ethanoli moja, hakuna mkokoteni uliobaki na mzigo, na ATP ni tatu. Ukiacha Chlamydomonas kwenye chupa isiyo na hewa gizani, uwiano unaopimwa unakaribia huohuo wa 2:1:1. Waandikie wanafunzi ubaoni, wafanye wenyewe. Hesabu hiyo itawaonyesha kwa nini seli inajisumbua kutengeneza vitu vitatu badala ya kimoja.

Haidrojeni ina mlango wake. Kimeng'enya kingine cha piruvati, cha jeni PFR1, hutoa elektroni na kuzikabidhi kwa protini ndogo iitwayo ferredoksini, nayo huzipeleka kwenye haidrojenasi, ambayo huziunganisha na protoni kuwa gesi. Gizani mlango huu hupitisha kidogo tu. Ukiongeza mwanga hali inabadilika sana, nitalirudia hilo.

Sasa tuje kwenye jeni zenyewe. Mwani huu una jeni mbili za haidrojenasi, HYDA1 na HYDA2, na HYDA1 ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi. Zote ziko kwenye kiini cha seli, lakini protini zake hufanya kazi ndani ya kloroplasti. Ziko pia HYDEF na HYDG, ambazo kazi yake ni ya ufundi: hujenga sehemu ya moyo wa haidrojenasi. Moyo wenyewe ni kishada cha chuma na salfa, na baadhi ya chuma chake kimeshikwa na kaboni monoksidi na sianidi. Ndiyo, sumu mbili tunazowaonya watoto wasizisogelee, hapa zimefungwa mahali pake na zinafanya kazi ya maana. Udhaifu wake ni mmoja: kikiguswa na oksijeni kinaharibika, na hakitengenezeki tena. Kuunda haidrojenasi palipo na oksijeni ni sawa na kuanika chumvi mvuani.

Ndiyo maana HYDA1, HYDEF na HYDG zinaisikiliza oksijeni kwanza. Ukiweka mwani gizani lakini ukaendelea kuupulizia hewa, hupati haidrojenasi inayofanya kazi. Giza peke yake halitoshi, na hapo kijana wako anaanguka. Geuza jaribio: acha taa ziwake mfululizo, lakini unyime mwani salfa ndani ya chupa iliyofungwa. Bila salfa seli haiwezi kukarabati protini za sehemu ya usanisinuru inayotoa oksijeni, basi utoaji unapungua hadi kupumua kunaushinda. Baada ya takriban siku moja chupa haina oksijeni, taa bado zinawaka, na haidrojenasi imeamka na kutoa gesi kwa siku kadhaa. Jaribio hilo lilifanywa na kundi la Anastasios Melis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, likachapishwa mwaka 2000. Lengo lao lilikuwa nishati, lakini kwa swali lako ni ushahidi safi: mwanga upo, na jeni zimeamka.

Seli inajuaje kwamba oksijeni imekwisha? Hapa pana kisa ninachokipenda, na kinaanzia kwenye shaba.

Usanisinuru unahitaji protini moja ya kusafirisha elektroni iitwayo plastosianini, nayo hutumia shaba. Chlamydomonas ikikosa shaba haifi. Inatengeneza protini mbadala inayotumia chuma, saitokromu c6. Anayesimamia badiliko hilo ni protini iitwayo CRR1, iliyotambuliwa na kundi la Sabeeha Merchant mwaka 2005. CRR1 hushika DNA mbele ya jeni, mahali penye herufi GTAC, na jeni inaanza kusomwa. Mpaka hapo ni hadithi ya lishe tu. Lakini ukiiacha seli na shaba tele ukaiondolea oksijeni, CRR1 inaamsha jeni zilezile za njaa ya shaba, na jeni kadhaa nyingine juu yake. Baadhi ya jeni hizo zina mantiki ya wazi: mbili kati yake, CPX1 na CRD1, hutoa vimeng'enya vya kutengenezea klorofili vinavyotumia oksijeni, kwa hiyo oksijeni ikiwa haba seli inaongeza mikono ya kuidaka ile kidogo iliyobaki. Mbele ya HYDA1 nako kuna GTAC. Mwani ulioharibiwa jeni ya CRR1 hutoa haidrojenasi kidogo kuliko kawaida, na hukua vibaya hewa ikiwa haba.

Angalia nilivyosema: kidogo kuliko kawaida. Haikomi. Kwa hiyo CRR1 ni msimamizi mmoja kati ya kadhaa. Mwaka 2013 Anja Hemschemeier na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya jeni zinazobadilika gizani bila oksijeni hazimtegemei CRR1 hata kidogo. Mwaka huohuo walionyesha kwamba ili kuishi bila oksijeni mwani huu unahitaji hemoglobini ndogo, THB8, na kwamba gesi ya nitriki oksidi inahusika katika kupeleka taarifa. Hemoglobini, ndiyo, ya ukoo mmoja na ile ya damu yetu, ndani ya kijimwani cha udongoni.

Nikiishia hapa, rafiki wa kijana wako atatangaza ushindi. Asubiri.

Watafiti wa Pisa, Italia, katika kundi la Pierdomenico Perata, walichapisha mwaka 2011 kazi ambayo ningependa kila mwalimu aijue. Walipima nakala (yaani RNA ambayo seli huchapa jeni inaposomwa) za jeni tano, yaani ADH1, HYDA1, HYDA2, HYDEF na HYDG, katika mzunguko wa mchana na usiku, kisha wakaangalia zinavyoitikia oksijeni ikibadilika. Zote tano zilipanda na kushuka kwa mpangilio wa siku. Kwa HYDA1, HYDEF na HYDG, oksijeni haba ilikuwa na nguvu kubwa ya kuziamsha. ADH1 na HYDA2, kinyume chake, hazikushtushwa sana na oksijeni. Ziliendeshwa na mzunguko wa siku. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ukosefu wa oksijeni unaeleza sehemu tu ya mambo, na kwamba mwanga na giza, pamoja na mzunguko wa seli kukua na kugawanyika, vina mchango wake.

Ajabu yake huioni mpaka uweke mmea wa nchi kavu pembeni. Kwa mpunga, mahindi na mimea ya aina hiyo, ADH ndiyo jeni ya mfano ukizungumzia ukosefu wa oksijeni: shamba likifurika, mizizi ikikosa hewa, ADH inaruka juu. Mwaka huohuo wa 2011 ilijulikana inavyotokea kwenye mimea hiyo. Kuna protini za kundi la ERF-VII ambazo mwanzoni mwake zina sisteini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Oksijeni ikiwepo, sisteini hiyo inaoksidishwa na protini inapelekwa kuvunjwavunjwa. Oksijeni ikikosekana, protini inapona, inaingia kwenye kiini na kuamsha ADH na wenzake. Mtu aliyejifunza hayo kwenye mpunga akija kwenye mwani atatarajia ADH1 ifanye vilevile, na atashangaa kuikuta inafuata jua.

Kwa nini iwe hivyo? Haya sasa ni maoni yangu, si matokeo ya kipimo. Giza huja kila siku kwa saa yake, hivyo seli inaweza kujiandaa mapema. Kimeng'enya cha ethanoli hakiharibiwi na oksijeni kwa namna haidrojenasi inavyoharibiwa, kwa hiyo hakuna hasara kukiweka tayari kabla oksijeni haijaisha. Haidrojenasi haiwezi kuandaliwa hivyo, maana kila utakayoiunda mapema itakufa. Lakini kwa nini HYDA2 ifuate njia ya ADH1 na si ya dada yake HYDA1, maelezo haya hayatoshi, na sitaki kuyalazimisha yatoshe.

Tahadhari moja kwa anayesoma tafiti za aina hii: nakala ya jeni si protini, na protini si kazi. Nakala za HYDA1 zikipanda, bado HYDEF na HYDG lazima wajenge moyo wa chuma, na oksijeni lazima iwe haipo pale kimeng'enya kinapofika. Nimeona watu wakipima nakala, wakafurahi, kisha wakashangaa chupa haina gesi.

Nirudi kwenye mwanga, maana kazi yake ya pili huwa inasahauliwa. Jua linapochomoza baada ya usiku usio na oksijeni, kloroplasti iko katika hali mbaya: vibebea elektroni vimejaa, ATP ni kidogo, na vimeng'enya vya kutengeneza sukari kutoka hewa ya ukaa bado vimelala. Mwanga unaanza kusukuma elektroni na hakuna anayezipokea. Anayejitokeza ni haidrojenasi iliyojengwa usiku. Inazichukua kutoka kwa ferredoksini na kuzitoa kama haidrojeni, msongamano unapungua, usanisinuru unapata pa kuanzia. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka 2013 kwamba mwani usio na haidrojenasi huchelewa kuanza usanisinuru baada ya kukaa bila oksijeni. Halafu oksijeni mpya inajaa, na haidrojenasi inauawa na kazi ileile iliyoisaidia kuanza. Kwa hiyo jeni iliyoamshwa usiku inalipa gharama yake katika dakika chache za asubuhi. Binafsi naona hapo ndipo haidrojenasi inapostahili ujira wake. Gesi ya gizani ni kidogo mno kueleza kwa nini jeni hizi zimetunzwa.

Mkaidi atauliza: ukifunga mlango mmoja wa uchachu, mwani unakufa? Haufi. Ukiharibu PFL1, fomati inakoma, ethanoli na laktati (chumvi ya asidi ya maziwa yaliyoganda) zinaongezeka. Ukiharibu ADH1, ethanoli inakoma na seli inashushia mzigo kwenye gliserini. Ukiharibu HYDEF, haidrojenasi haifanyi kazi na inajitokeza suksinati, zao jingine la uchachu, ambayo kwa kawaida mwani huu hauitoi kwa wingi. Hilo ni jambo jingine linaloifanya hadithi ya swichi moja isisimame.

Juu ya haidrojeni kuwa nishati, najua kijana wako atauliza. Hans Gaffron na Jack Rubin waliripoti haidrojeni ya mwani huko Chicago mwaka 1942, na tangu hapo watu wanaota mapipa ya kijani yanayotoa gesi. Kikwazo ni kilekile: mwanga unaoleta elektroni unaleta na oksijeni inayoua kimeng'enya. Mbinu ya salfa inafanya kazi ila inauchosha mwani. Kundi la Turku, Finland, limejaribu kuupiga mwani kwa mwanga wa muda mfupi ukifuatwa na giza la sekunde chache, ili utengenezaji wa sukari usiwahi kuamka na elektroni ziende kwa haidrojenasi. Ni werevu, lakini usiuze ng'ombe ukanunue mapipa.

Sasa samaki wako. Hapana, hawalewi, na wala si fomati inayowasumbua. Maji ya nyuzi 30 yakishiba hewa hubeba oksijeni miligramu 7.5 tu kwa lita. Jioni bwawa la kijani linaweza kuwa na zaidi ya hapo, kwa kuwa mwani umeshinda ukitoa. Usiku kucha mwani, bakteria wa kwenye tope, mabaki ya chakula na samaki wenyewe wote wanavuta kutoka akiba moja, na akiba inafika chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Perege ni mvumilivu, lakini akipanda juu na kuachama mdomo ujue imebaki kidogo sana. Mwani wa juu hapo huenda bado unapumua kama kawaida. Ulioko kwenye tope ndio ulioanza kuchachuka saa nyingi zilizopita. Punguza chakula cha jioni, na kama kijani kimekuwa kizito kiasi kwamba ukizamisha mkono hadi kiwiko huoni vidole, badilisha sehemu ya maji. Ukipata kipimo cha oksijeni cha kuazima, pima saa kumi na moja alfajiri, si saa nne asubuhi, kwa sababu saa nne mwani utakuwa umeshalipa deni lote na kipimo kitakuambia bwawa halina shida.